Mtungi Mdogo wa Gesi: Namna ya Kuutumia na Kuutunza, Nyumbani na Safarini

(Hotuba iliyosomwa na karani mwenzetu mbele ya mkutano wa wanachama, Rubya)



Katika mkutano uliopita mlikubali kwamba Chama kiwakopeshe wanachama mitungi midogo ya gesi ya kilo 6, pamoja na kichomeo chake cha kufungwa juu, na fedha ikatwe kidogo kidogo kila mwezi. Jambo hilo lilipita kwa kura nyingi. Walakini baada ya mkutano walinijia wanachama watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Wa kwanza alisema hataki kabisa kuona kitu hicho nyumbani mwake, maana ni bomu. Wa pili alisema anao mtungi tangu mwaka jana, naye huuweka chini ya kitanda ili watoto wasiuchezee. Wa tatu alisema hana shaka yo yote, kwa kuwa kila afungapo kichomeo hupitisha kijiti cha kiberiti kuzunguka shingo ya mtungi, na pasipowaka kitu hujua kwamba hapavuji. Nilimweleza Bwana Katibu maneno hayo, naye akaniagiza niwatayarishie hotuba hii kabla mitungi haijagawanywa.

Katika hao watatu, mwoga ndiye aliye salama kuliko wenziwe. Lakini hata yeye aogopa kitu kisichopasa. Aogopa chuma, na chuma cha mtungi mzuri ni kigumu sana, kimepimwa kwa nguvu kupita ile itakayokipata jikoni. Hatari haikai ndani ya mtungi. Hukaa pale shingoni, mahali kichomeo kinapokutana na mtungi, penye kipande cha mpira kisichozidi upana wa kidole. Ningependa kila mmoja wenu atoke hapa leo akikijua kipande hicho kuliko anavyojua rangi ya mtungi wake.

Watumishi waliotutangulia, waliposafiri kwa kazi ya Serikali, wengi walikuwa na jiko la mafuta ya taa la kupigwa pampu. Liligunduliwa na Frans Wilhelm Lindqvist wa Uswidi mwaka 1892, likaenea duniani kwa jina la Primus. Jiko lile lilikuwa na kelele, tena lilitaka subira, lakini ubaya wake ulionekana kwa macho: mafuta yakimwagika, waona kwamba yamemwagika. Gesi haina rangi. Ndiyo sababu yatupasa kuijua tabia yake kwa akili, maana macho hayatatusaidia.

Gesi hii ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, nazo hupatikana katika visima vya gesi na viwanda vya kusafishia petroli. Propani ilitambuliwa ndani ya petroli mwaka 1910 na Mmarekani mmoja mtaalamu wa kemia, Walter Snelling, alipokuwa akichunguza kwa nini petroli ya siku zile ilipotea kwa kugeuka mvuke. Ndani ya mtungi gesi hushindiliwa hata ikawa maji, nawe ukiutikisa mtungi wayasikia yakicheza. Maji hayo yachemka kwa baridi ambayo sisi hatujapata kuiona: propani huchemka penye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu na sifuri. Kwa hiyo hapa Rubya, hata asubuhi ya ukungu, gesi yapata joto la kuichemsha wakati wote, na kizuizi chake ni chuma na koki tu. Tena kumbukeni kwamba lita moja ya maji hayo hugeuka kuwa mvuke wa lita 250 hivi. Kwa sababu hiyo mtungi husimamishwa sikuzote, wala haulazwi ukiwa kazini. Ukilazwa, kinachofika kwenye kichomeo ni yale maji yenyewe, nao moto huruka juu kama ulimi wa nyoka.

Sasa niseme juu ya tabia ambayo yule mwenzetu wa kitandani hakuijua. Moshi wa kuni hupanda. Sisi tumelelewa na moshi huo. Katika msonge wa wazee wetu ulipita katika nyasi za paa, ukakausha paa na kufukuza wadudu, na mtu aliyekaa chini alipumua vizuri kuliko aliyesimama. Gesi ni kinyume chake. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, na butani mara mbili. Ikivuja haipandi, bali hushuka na kutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika. Hupita chini ya mlango, hujaa shimoni, hukaa penye pembe za nyumba. Dirisha la juu haliisaidii kutoka. Mlango ndio uisaidiao.

Mimi ni karani, na karani hupenda hesabu, basi nimefanya hesabu. Wengi wetu hapa twaishi katika chumba cha kupanga: urefu mita 3, upana mita 3, kimo mita 2 na nusu. Hewa yake ni mita za ujazo 22 na nusu. Gesi hii yaweza kulipuka ikiwa imefika sehemu 2 hivi katika kila 100 za hewa, na hulipuka mpaka kukaribia sehemu 10. Sehemu 2 katika 100 za chumba hicho ni chini kidogo ya nusu mita ya ujazo, na hiyo ni kama mvuke wa kilo moja ya gesi. Kilo moja katika sita! Lakini hata kilo moja haihitajiki, kwa kuwa gesi haijienezi sawasawa chumbani, hulala chini. Robo ya kilo yatosha kufanya tandiko la hatari kutoka sakafuni mpaka kifundo cha mguu. Na uvungu wa kitanda, wenye shuka iliyoning'inia na masanduku pande zote, ni mahali pazuri sana pa kuihifadhi ili isipotee mpaka mtu awashe kibatari. Mtungi ukae mahali pa wazi penye hewa, mbali na kitanda, na usiku wenye baraza iliyofungwa kwa wavu na wautoe nje. Na wale ambao bado hutandika nyasi sakafuni, kwa desturi nzuri ya Buhaya, wasizitandike jikoni penye gesi.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu ya yai viza tuisikiayo ni ya dawa itwayo merkaptani, ambayo hutiwa makusudi ili itupigie kelele. Basi ikipiga kelele, usiijibu kwa kiberiti. Wala usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, maana cheche ni ile ile. Usipige simu ukiwa ndani. Funga koki, toa watoto, fungua mlango wazi kabisa, na mtungi ukibebeka uutoe uani, mbali na jiko la mkaa la jirani. Hili la jirani husahauliwa sana katika nyumba za kupanga: wewe umezima kila kitu, naye hatua sita kutoka hapo anapuliza mkaa. Mwite kwa sauti azime. Kisha ngojeni nje hata harufu iishe. Nawe usitegemee pua kwa usiku, maana aliyelala usingizi hasikii harufu, na mwenye mafua hasikii mchana wala usiku. Kazi ya kukesha haiwezi kuachiwa pua. Ifanywe na mikono kabla ya kulala.

Nimefika shingoni. Kichomeo (wauzaji hukiita bana) hufungwa juu ya mdomo wa mtungi kwa kuzungushwa. Mitungi midogo mingi haina koki yake yenyewe. Mdomoni mna kizibo kidogo kinachosukumwa juu na springi, na kichomeo kikishuka hukibonyeza kizibo hicho na gesi ikapanda. Basi tangu dakika ile kinachoizuia gesi ni vitu viwili tu: koki ya kichomeo, na mpira mdogo wa mviringo ulio kati ya chuma na chuma, uitwao washa. Mpira huo hukauka kwa joto. Hupata nyufa nyembamba kama unywele. Hudondoka mtu anapobadili mtungi, akafunga bila mpira na asijue. Namfahamu muuzaji mmoja, wala sitamtaja, ambaye huutoa mpira wa mtungi mpya na kuuweka mfukoni, kwa kuwa siku zote wako wateja waliopoteza wao nao hununua.

Kwa hiyo kubadili mtungi ni kazi ya nje ya nyumba, mchana, pasipo sigara wala moto. Tazama mpira kwanza: uwepo, uwe laini, usiwe na ufa wala mchanga. Futa mdomo wa mtungi kwa kitambaa kisafi. Zungusha kichomeo kwa mkono, polepole, uone kwamba hesi zimeingiana. Hesi zikipishana mara moja tu, zimeharibika na hazitaziba tena. Kaza kwa nguvu ya mkono. Usitumie spana, maana spana huuponda mpira, na mpira uliopondwa waziba leo, kesho wavuja. Koki ya kichomeo iwe imefungwa tangu mwanzo wa kazi hii mpaka mwisho.

Baada ya hayo ndipo tupime, nasi tutapima kwa sabuni. Kata kipande cha sabuni ya mche, ukikoroge katika kikombe cha maji mpaka kitoe povu zito, kisha kipake kwa brashi au kitambaa shingoni kote, na pale shina la koki linapoingia. Ngoja uhesabu mpaka thelathini. Mapovu yakizaliwa na kukua, hata kama ni madogo kama mayai ya samaki, pavuja. Fungua, badili mpira, rudia. Ikiwa mtungi wako ni mkubwa na una mpira mrefu uendao kwenye jiko la meza, paka mwisho huu na mwisho ule, na pale regulata inaposhika mtungi. Kisha ukunje ule mpira mrefu kidogo kidogo kwa vidole uone kama una nyufa, tena utazame meno ya panya, kwa kuwa panya wa nchi hii hula kila kitu.

Yule ndugu wa kijiti cha kiberiti aliniuliza, Je, tofauti ni nini, ikiwa zote mbili zaonyesha uvujaji? Tofauti ni hii: sabuni humwonyesha mwenye mtungi mahali panapovuja, na kiberiti huwaonyesha majirani nyumba yake ilipo. Amepona mpaka leo kwa sababu mpira wake ulikuwa mzima kila mara. Siku ambayo hautakuwa mzima, gesi itakuwa imekwisha shuka miguuni pake kabla mkono wake haujafika shingoni.

Neno jingine ni la sufuria, nami nawaomba akina mama waliopo wanisahihishe nikikosa, maana wao ndio wapikao zaidi, na mara nyingi ndio wasioalikwa katika mikutano ya namna hii. Kichomeo hiki kilifikiriwa na watu wachemshao chai ya vikombe viwili na mayai. Sisi twapika ndizi. Sufuria ya ndizi na maharage kwa nyumba ya watu saba, pamoja na maji yake, yaweza kufika uzito wa kilo 10 na kuzidi, nao wote umesimama juu ya mtungi ambao kitako chake ni chembamba kuliko sufuria yenyewe. Kadiri gesi inavyopungua ndivyo mtungi unavyokuwa mwepesi chini na mzito juu. Kisha mpishi ashika mwiko na kukoroga, na mtoto apita mbio. Watu wengi wakisikia habari za ajali ya gesi hufikiri mlipuko. Nami naona kwamba jikoni kwetu maji ya moto ya sufuria iliyopinduka ni adui wa karibu zaidi.

Basi mtungi usimame juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, si juu ya udongo uliolegea wala juu ya mkeka, wala usipandishwe juu ya kiti. Sufuria isipite upana wa miguu ya kichomeo kwa kiasi kikubwa. Sufuria pana mno ina ubaya wa pili: huurudisha moto chini, shingo ya mtungi ikapata joto, na ule mpira tuliousema ukakauka upesi. Ukiweza kuigusa shingo bila kuondoa mkono, ni vema. Ikikuunguza, zima, ngoja ipoe. Ndizi za watu wengi na zipikwe juu ya jiko la meza, au kwa kuni kama tulivyozoea. Sioni aibu kusema hivyo. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, wataka ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi, na macho ya mama zetu na vifua vya watoto vyaonyesha kwamba jambo hili ni la haki. Lakini mtungi mdogo ni mwanzo tu wa safari hiyo, na asiyeujua mpaka wa nguvu zake atamchoma mtu wake mwenyewe. Kwa hesabu yangu kichomeo kikiwaka kwa nguvu hula gramu 200 hivi kwa saa, maana yake mtungi mzima ni saa 30. Maharage makavu yasiyolowekwa usiku yatakula sehemu kubwa ya saa hizo. Senene nao, ambao hukaangwa polepole na hutoa mafuta yao wenyewe, wasiachwe peke yao motoni hata kwa muda wa kwenda kumsalimu mgeni mlangoni.

Moto mzuri ni wa buluu, mfupi, wenye sauti ndogo kama upepo. Ukiwa wa manjano na kupaka masizi sufuria, haupati hewa ya kutosha. Hapa Buhaya si neno geni kwamba moto ni hewa. Kule Katuruka, karibu na Maruku, wazee wetu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba mafundi wale waliipasha hewa joto katika mabomba ya udongo kabla haijaufikia mkaa, hata wakapata chuma kikali sana. Mhunzi aliyejua kuongoza hewa namna hiyo asingekubali kupika juu ya kichomeo kilichoziba. Chini ya kichomeo mna vitundu vya kuingizia hewa, na buibui hupenda sana kufuma humo. Kila mwezi kitoe kichomeo, ukisugue kwa brashi kavu, ukipulize, ukikung'ute. Ndizi zilizofurika zikagandamana juu yake ziondolewe kwa maji ya moto, na kikauke kabisa kabla hakijarudishwa. Kile kitundu kidogo sana ambamo gesi hutokea usikizibue kwa sindano wala waya. Wengi hufanya hivyo, na moto huongezeka, wakafurahi. Wamelipanua tundu, tangu siku ile gesi yatoka nyingi kuliko hewa iliyowekewa kiasi.

Nije kwenye safari, maana wengi mnaotaka mitungi hii mwaitaka kwa ajili ya safari za kazi. Waliohesabu watu katika Sensa ya Agosti 2022 wanajua kulala mahali pasipo mgahawa. Katika hema, au katika chumba kidogo cha shule wakati wa mvua, mtu hupenda kufunga kila mahali na kuacha kichomeo kikiwaka apate joto. Naomba hili lisikike mpaka nyuma: kichomeo si cha kuotea moto ndani. Moto ukikosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, nayo haina harufu, wala merkaptani haimo ndani yake ya kutuonya. Kichwa huuma kidogo, usingizi huja, na mtu hafikiri jambo lo lote ila kulala. Pikia mlangoni au nje, na kabla ya kulala fungua kichomeo kabisa kutoka mtungini, kizibo kijifunge, na vyote viwili vikae nje ya hema. Ukipika nje penye upepo, usiuzungushie mtungi bati pande zote kama ukuta, maana bati hukusanya joto na kulielekeza mtungini. Jikinge upande mmoja tu, upepo utokako.

Na wale waendao visiwani, Bumbire, Goziba na kwingine katika wilaya yetu, wafikiri juu ya mashua. Nchi kavu gesi iliyovuja hupata mlango. Mashua ni bakuli. Gesi hushuka mpaka chini penye maji ya kufua, ikakaa hapo hapo, na nyuma yako mna mashine ya petroli yenye cheche. Kwa hiyo mtungi upandishwe bila kichomeo, usimame, ufungwe kwa kamba, ukae juu penye upepo, wala usifunikwe kwa turubai pamoja na mizigo. Chai ya ndani ya mashua ingojee pwani.

Katika pikipiki twaona kila siku mtungi umelazwa nyuma na kufungwa kwa mpira. Mpanda pikipiki ana haraka, nawe ulipie nafasi usimamishe mtungi, au uubebe katika gari. Katika jua usiuache, wala ndani ya gari lililofungwa.

Juu ya kununua sitasema mengi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya chuma. Ongeza kilo 6, na hiyo ndiyo namba utakayotaka kuiona kwenye mizani. Muuzaji apaswa kuwa na mizani, nawe una haki ya kuona mtungi wako ukipimwa, na kazi ya kuwasimamia wauzaji ni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Mzigo ukipungua umeibiwa fedha. Ukizidi ni vibaya zaidi, kwa kuwa mtungi haujazwi mpaka juu. Huachwa nafasi ya mvuke, ili maji yakipata joto yapate mahali pa kutanukia. Watu wahamishao gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo katika vyumba vya nyuma hawapimi nafasi hiyo. Na vituo vya kujazia visivyo na kibali vina msiba wake. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi katika mji wa Nairobi, lori la gesi lililipuka mahali pa kujazia pasipo kibali, katikati ya nyumba za watu. Wako waliokufa, na mamia walijeruhiwa, nao wengi wao walikuwa wamekaa majumbani mwao. Lakiri ya kampuni ikiwa imekatika, rudisha mtungi hapo hapo.

Ikiwa moto umeshika shingoni, mtu asiye na hofu aweza kufunika mkono kwa kitambaa kilicholowa, akaifunga koki, na moto utakufa kwa kukosa chakula. Ikiwa koki haifikiki, usipigane na mwali. Moto ukizimwa na gesi ikiendelea kutoka, umefanya lililo baya kuwa baya zaidi. Toa watu, nenda mbali, piga simu ya Zimamoto, namba 114. Usiuangushe mtungi wala kuuviringisha. Mkoa wetu una sababu nyingine ya kujizoeza kufunga koki bila kufikiri: tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuja mchana, saa tisa na nusu hivi, bila kubisha hodi. Anayepika nchi ikitikisika, ikiwa koki iko mkononi pake, aigeuze huku akikimbia; ikiwa haiko, akimbie.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na pete na bangili zitolewe kabla hajavimba. Samli, asali, dawa ya meno, na yai visipakwe. Huzuia joto lisitoke, na daktari hulazimika kuvikwangua penye kidonda. Funika kwa kitambaa kisafi kisichonata, umpeleke hospitali. Mtoto aliyeungua apelekwe hata kama kidonda chaonekana kidogo.

Bwana Rais, nina maombi mawili kwa mkutano huu. La kwanza, Mweka Hazina anunue mizani moja ya kuning'iniza, ikae katika ofisi ya Chama, na kila mtungi wa mkopo upimwe mbele ya mwanachama kabla hajatia sahihi. La pili, kila mtungi utolewe pamoja na mipira miwili ya akiba, na bei yake iingizwe katika mkopo. Ni fedha ndogo kuliko nauli ya kwenda Muleba mjini kuitafuta siku ya Jumapili wageni wamekwisha fika.

Hapa mezani nimeleta kikombe, brashi na nusu mche wa sabuni. Wale niliowaomba waje na vichomeo vyao, naona vinne na mitungi yake pale barazani. Tutatoka nje sasa kwa zamu, watu kumi kumi, na wenye sigara watangulie kuzizima. Tutaanza na mtungi wa ndugu yule wa kijiti cha kiberiti, ambaye ameniruhusu, na kiberiti chake amekwisha mkabidhi Bwana Katibu.